Majani Chai Yana Lori, Mchumaji Naye Apate Basi

Kila siku ya kuchuma, lori la kiwanda hupita katika vituo vya kununulia majani chai vya Kericho na Bomet, kwa sababu jani likichelewa huharibika. Mpango huo wa KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo lililoanzishwa mwaka 1964, umethibitisha kwamba gari lenye njia maalumu linaweza kufika vijijini kwetu. Mchumaji mwenyewe hana gari kama hilo. Kwenye lami ya Kericho, Litein na Sotik matatu hazikosekani, maana hujaa upesi. Ukiiacha lami, mkulima, mwanafunzi na mgonjwa anayekwenda hospitali ya Longisa hubaki na bodaboda, au Probox iliyopakia kupita kiasi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti usafiri wa umma wa barabarani. Kericho na Bomet zilitumie jukumu hilo kwa kuzipa sacco za matatu zilizopo kandarasi za njia, zenye ratiba na nauli inayojulikana.

Historia ya mabasi nchini inatuelekeza huko. Kenya Bus Service, iliyoanza Nairobi mwaka 1934, ilikuwa na njia na ratiba, lakini huduma yake ilikuwa ya mjini. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alizihalalisha matatu, nazo zikafika mahali ambapo basi halikuwahi kufika. Faida hiyo ilikuwa na gharama yake: gari likawa haliondoki mpaka lijae. Kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki za mwaka 2004 zilileta mikanda na vidhibiti mwendo, na baadaye wenye matatu wakatakiwa kujiunga na sacco. Usalama ulishughulikiwa, lakini pato la mwenye gari liliendelea kutegemea viti vilivyojaa, kwa hiyo njia yenye abiria wachache bado haina mwenyewe.

Watakaopinga watatukumbusha Nyayo Bus, iliyoanzishwa na serikali mwaka 1986 na kuporomoka katika miaka ya 1990. Onyo hilo ni la haki. Lakini pale serikali ilimiliki mabasi, ikayaendesha na kujikagua yenyewe. Katika kandarasi, gari na gereji hubaki mikononi mwa sacco. Kaunti hulipia safari iliyofanyika, na isiyofanyika hailipiwi. Njia za mabasi za London zilianza kushindaniwa kwa zabuni mwaka 1985, na hadi leo kampuni binafsi huziendesha kwa ratiba ya mamlaka ya umma. Wengine watauliza fedha zitatoka wapi. Njia zinazojilipa hazihitaji ruzuku. Fedha ziende kwa safari za alfajiri na jioni za vijijini, ambazo soko limeziacha. Mabunge ya kaunti za Kericho na Bomet yapitishe sheria ya kandarasi hizo, yaanze na njia chache, na yaandike saa za basi katika kila kituo cha majani chai.