SIMU INAWAKA, INAZIMA, INAWAKA TENA... USIKUBALI IFUTWE!

Leo tuwaache kidogo wapenzi na ugomvi wao, tuingie kwenye kasheshe nyingine ambayo siku hizi inawatoa watu machozi kuliko hata kuachwa na mchumba. Nazungumzia simu za kupangusa zinapoanza mchezo wa kuwaka, kuonyesha logo, kuzima, kuwaka tena, logo, kuzima. Inaweza kufanya hivyo kutwa nzima mpaka betri ikate roho, na wewe umeikodolea macho tu kama mgonjwa wa wodini.

Sasa sikiliza. Ugonjwa huo wenyewe mara nyingi hauli vitu vyako. Picha za harusi, namba za wateja, sauti za marehemu bibi, vyote vimo humo humo. Kinachoviua ni dawa wanayoipa watu kwa pupa.

Chukulia simu ni nyumba ya kupanga. Kuna ukumbi wa mbele, ndiyo ule mfumo wa simu, halafu kuna chumba chako kilichofungwa kwa ufunguo, humo ndimo vitu vyako vilimo. Simu inayojiwasha na kujizima imekwama pale ukumbini, haifiki hata mlangoni kwako. Lakini ukiifuta yote, ile wanayoita "factory reset", unavunja na ufunguo. Simu za miaka hii huhifadhi vitu kwa maandishi ya siri, na ufunguo wa siri hiyo ukishafutwa basi tena. Fundi anayeifuta halafu anakwambia lete elfu thelathini nikurudishie picha zilizokuwa ndani ya simu, huyo anakula hela yako mchana kweupe.

Kuna dada mmoja mtaani kwetu, mama yake alifariki akamwachia sauti za WhatsApp, yule mama akimuelekeza jinsi ya kupika pilau na kumtania juu ya wachumba. Simu ikaanza kuwaka na kuzima. Akaipeleka kibandani, kijana wa watu akaminya vitufe viwili vitatu, dakika kumi simu ikawaka, safi, mpya kama ya dukani. Mpya kweli kweli! Hata namba moja haimo. Kijana anasema, "Si ulitaka iwake, sista?" Na tuseme haki, hakuna aliyemwambia kwamba zile sauti zilikuwa na thamani kuliko simu yenyewe.

Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, anza na yale yasiyodhuru. Vua kava. Usicheke! Kava linalobana linaweza kuminya kitufe cha kuwashia muda wote, simu ikadhani unaiamuru ijiwashe upya. Kitufe kilichojaa vumbi na jasho nacho hufanya hivyo hivyo. Kiguse, kinabonyea na kurudi, au kimeganda? Halafu toa laini na memori kadi, maana kadi mbovu inaweza kuikwamisha simu wakati wa kuwaka. Na kama picha zako zilikuwa kwenye hiyo kadi, basi ushazikomboa.

Kisha chomeka chaji inayoaminika, siyo ile ya jirani iliyofungwa kwa gundi. Iache kama nusu saa, uiwashe ikiwa bado kwenye umeme. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha chaji ipo, lakini simu ikianza kazi nzito ya kuamka, umeme hautoshi, inadondoka. Ikiwaka vizuri kwenye waya na kuzima ukiuchomoa, hapo mshuku betri kwanza.

Bado inasumbua? Ilazimishe. Kwenye Samsung na simu nyingi za Android, shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti, hesabu mpaka ishirini. Kwa iPhone kuanzia namba 8, bonyeza cha kuongeza sauti uachie, bonyeza cha kupunguza uachie, halafu shikilia cha pembeni mpaka tofaa litokee. Hayo hayafuti kitu.

Kama simu inafika mpaka kwenye kioo cha mwanzo ndipo inazima, una bahati, kwa kuwa huenda mkorofi ni programu uliyoiingiza juzi. Mara logo inapotokea, shikilia kitufe cha kupunguza sauti mpaka iishie kuwaka. Simu nyingi za Android zitakuja na maneno "Safe mode" pembeni ya kioo. Hapo simu imewaka bila zile programu za kuongeza. Usianze kujibu meseji za watu! Nakili kwanza picha zako kwenye kompyuta au kwenye memori kadi nzima, ndipo uing'oe ile programu ya mwisho.

Wala usidhani lazima kitu kiwe kikubwa ndipo kiangushe simu. Mwaka 2020, mwishoni mwa Mei, simu za watu duniani zilianza kuzima na kuwaka kwa ajili ya picha, tena picha nzuri ya machweo kwenye Ziwa la St Mary huko Montana, Marekani. Mtu akiiweka kama pambo la kioo, Samsung yake au Google Pixel yenye Android 10 inaingia wazimu. Rangi za picha ile zilihifadhiwa kwa namna ambayo mfumo haukuizoea. Simu ilipopima mwanga wake ikapata hesabu inayopita kikomo cha 255, ikaanguka. Ikiwaka inaikuta picha ile ile, inaanguka tena. Aliyeipiga hakuwa na hila yoyote, alikuwa anapenda mandhari tu, maskini.

Haya, turudi kwenye simu yako. Ukiona kioo cheusi chenye maneno "Can't load Android system", chini yake kuna mawili ya kuchagua: "Try again" na "Factory data reset". Chagua la kwanza, hata mara tatu. La pili ndilo lile la kuvunja ufunguo.

Kuna na ukurasa wa matengenezo, unaofunguka kwa kushikilia kitufe cha kuwashia na cha kuongeza sauti simu ikiwa imezima. Samsung za karibuni zinataka kwanza zichomekwe kwa waya kwenye kompyuta. Humo utakuta "Wipe cache partition", hii inafagia takataka za muda tu na haigusi picha zako, ingawa si kila simu inayo. Shida yake ni kwamba jirani yake wa karibu anaitwa "Wipe data", na huyo ndiye muuaji. Majina yanafanana, wanakaa mstari mmoja, na wewe unahama kwa vitufe vya sauti huku mkono unatetemeka. Soma mara mbili ndipo ubonyeze.

Ikishindikana yote, nenda kwa fundi, siwakatazi. Mafundi wazuri wapo tele, Kariakoo na hata uswahilini kwetu. Ila mwambie kabla hajaigusa: "Kaka, nataka vitu vyangu, simu baadaye." Muulize ataiflashi kwa namna gani. Kuflashi ni kuuweka mfumo upya, na kuna kuflashi kunakobakiza vitu na kunakofyeka kila kitu. Kwa Samsung, faili linaloitwa HOME_CSC hubakiza, lile la CSC tupu hufuta. Kwa Tecno, Infinix na wenzao wenye chipu za MediaTek, ile programu ya mafundi ina "Download Only" na ina "Format All + Download", na hiyo ya pili uikatae kabisa. Xiaomi kuna "save user data". Akikwambia lazima afungue "bootloader" kwanza, mzuie, maana kuifungua kwa kawaida kunafuta simu yote.

Wenye iPhone mna unafuu. Iunganishe na kompyuta, itakuuliza "Update" au "Restore". "Update" inaweka mfumo upya na kuviacha vitu vyako, "Restore" inafuta. Na iPhone iliyojaa picha mpaka pomoni inaweza kukwama hivi hivi, kwa hiyo nyie mnaojipiga picha arobaini kwa gauni moja, mmesikia.

Yapo mengine ambayo hakuna kuflashi kutakakosaidia. LG G4 za mwaka 2015 zilikufa kwa mtindo huu, na Januari 2016 kampuni yenyewe ilikiri kwamba vipande vya ndani havikushikana sawasawa. Simu ya namna hiyo inataka fundi wa bodi, mwenye darubini na subira. Kama vitu vya ndani ni vya thamani, lipa huyo aiamshe hata kwa saa moja tu mnakili. Usikubali abadilishe bodi, kwa sababu vitu vyako vinakaa kwenye bodi hiyo hiyo.

Na ikiamka, iwe kwako au kwa fundi, usiizime kuijaribu. Hiyo saa inaweza kuwa ya mwisho. Picha ziende kompyuta, namba za watu ziende kwenye akaunti ya Google, ambayo inakupa nafasi ya GB 15 bure. WhatsApp ingia kwenye "Chat backup" uihifadhi, na kama mna sauti za wazee wenu humo, zitume pia kwa ndugu wawili watatu, zikae kwenye simu nyingi.

Wiki ijayo tunarudi kwa wale wapenzi wetu, kuna barua moja hapa ya shemeji wa Tandika, mh! Tega sikio.