MTOTO SI MKAIDI, HUENDA HAONI UBAO

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu yangu katika imani, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Hapa Maisaka niliwahi kumkaripia mtoto madrasa mbele ya wenzake. Nikiandika ubaoni, "ba" anaisoma "ta", "jim" anaisoma "kha". Nikasema huyu hasikilizi. Siku moja nikampa juzuu mkononi, akaisogeza karibu na pua, akasoma bila kukosea hata nukta moja. Nikaona aibu. Mtoto alikuwa haoni mbali, na mimi nilikuwa namdhulumu.

Mzazi, elewa jambo hili. Kwa mtoto asiyeona mbali, mara nyingi jicho limerefuka kupita kiasi, hivyo mwanga unakusanyika kabla ya kufika nyuma ya jicho. Cha karibu anakiona, cha mbali kina ukungu. Naye hatakwambia, kwa sababu anadhani watu wote wanaona hivyo hivyo.

Usiseme haya ni ya Ulaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwapima wanafunzi 2,511 wa sekondari jijini Mwanza. Karibu 6 katika kila 100 walikuwa na kasoro ya kuona inayohitaji miwani, wengi wao hawaoni mbali. Waliokuwa na miwani hawakufika hata theluthi!

Mtazame mwanao. Je, anakunja macho? Anakaa karibu mno na runinga? Ananakili daftari la jirani? Mpeleke akapimwe, na usingoje dalili: mpime kabla hajaanza darasa la kwanza. Jicho moja likiwa na ukungu utotoni, ubongo hulipuuza, na kulirekebisha ukubwani ni kazi ngumu. Kipimo chenyewe ni kusoma herufi kwa umbali wa mita 6, hakiumi. Anzeni hospitali hapa mjini Babati. Ikibidi, mtaelekezwa kwa mabingwa, kama wa KCMC Moshi.

Wapo wanaosema miwani huharibu macho. Si kweli. Wengine wanasema, "tumwachie Allah." Mtume wetu (swallallahu alayhi wasallam) ametufundisha kutafuta tiba, tawakkul haiondoi sababu. Pia mwache mtoto acheze nje mchana, simu ipumzike. Mwanga wa nje hupunguza uwezekano wa tatizo hili kuanza.

Rai yangu kwa maimamu na walimu wa madrasa: kabla ya kushika bakora, mlete mtoto mstari wa mbele, umpe kitabu mkononi. Na sadaka zetu zisiishie kwenye mazulia ya msikiti. Zimnunulie miwani mtoto wa mjane.

Katika Suratul Israa, aya ya 36, Allah anatuonya kuwa masikio, macho na nyoyo vitaulizwa. Basi na macho ya watoto tuliokabidhiwa, tutajibu nini?

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mzazi mwenzako.