Dakika Moja ya Sauti Ina Saa Ngapi za Kazi?

Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii, Nairobi
Nakala: Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mnukuzi wa sauti. Navaa hedifoni, nasikiliza mikutano, mahojiano na mihadhara ya watu wa ng'ambo, na kuandika kila walichosema neno kwa neno. Vijana wanaiita transkripsheni. Nimeifanya miaka sita sasa. Imenilipia kodi ya nyumba, imemlipia mdogo wangu karo hadi akamaliza kidato cha nne, na naipenda. Nakuandikia kwa sababu hiyo hiyo ya kuipenda, na kwa sababu inalipwa kwa kipimo ambacho ofisi yako isingekubali kitumike kwa mfanyakazi mwingine yeyote nchini.

Kipimo chenyewe ni dakika ya sauti. Mnukuzi analipwa kwa urefu wa rekodi, hata kama kuiandika kumemchukua usiku kucha.

Chukua faili moja niliyoifanya Ramadhani iliyopita. Iliingia saa tatu unusu usiku, baada ya tarawehe. Majukwaa mengi ya mtandaoni yanayogawa kazi hii yako Marekani. Watu wa New York wanapofika ofisini asubuhi, kwetu jioni imeshaingia, kwa hivyo kazi yetu kubwa ni ya usiku. Faili ilikuwa ya dakika 40, kwa senti 30 za dola kila dakika. Jumla dola 12, kama shilingi 1,550. Mtu akisikia dola 12 kwa dakika 40 anaona neema imeshuka.

Wazungumzaji walikuwa watano, watu wa Uskoti, maikrofoni iko mbali nao na iko karibu na kikombe ambacho mmoja wao alikuwa akikikoroga. Kila sauti lazima niitambue ni ya nani, na kila msemaji anapobadilika niandike muda. Yaliyosemwa ni siri na nimetia sahihi kuitunza, kwa hivyo nitataja neno moja tu. Mzee mmoja alirudia mara nne kitu nilichokisikia kama "kakodi". Nilirudisha nyuma, nikapunguza kasi, nikazima feni isininyime herufi. Nilitafuta katika majina ya watu, ya dawa, ya kampuni. Mwishowe nikafungua ramani ya Uskoti, nikapita mji baada ya mji kwenye pwani ya mashariki, hadi nikafika Kirkcaldy, jina lenye L katikati ambayo wenyeji hawaitamki.

Neno hilo lilinichukua dakika 25. Katika rekodi lilichukua sekunde chache tu, na ni hizo sekunde nilizolipwa.

Nilimaliza saa kumi na nusu, watu wakila daku. Saa saba kamili. Asubuhi msahihishaji akairudisha nibadilishe namna nilivyoandika vitambulisho vya wasemaji, zikaenda saa mbili nyingine. Gawanya shilingi 1,550 kwa saa tisa: ni kama shilingi 170 kwa saa, kabla sijanunua tokeni za stima na bando, kabla ya ada ya kutoa pesa. Na hii ilikuwa faili iliyokubaliwa. Ikikataliwa, saa zote hizo zimeliwa bure, na aliyeikataa halazimiki kukwambia kosa lilikuwa wapi.

Rekodi safi, ya msemaji mmoja asiyekimbia, humchukua mnukuzi mzoefu kama saa nne kwa kila saa moja ya sauti. Rekodi ya watu wengi, yenye kelele na lafudhi ngeni, saa nane au kumi si ajabu. Kila aliye katika kazi hii analijua hilo. Asiyelijua ni kijana anayeambiwa kwenye tangazo kwamba atalipwa "hadi" senti kadhaa kwa dakika, akapiga hesabu kwa dakika za saa ya ukutani.

Kuna pia saa ambazo hazionekani popote. Faili huwekwa kwenye orodha na mwenye kubofya kwanza ndiye anayeipata. Mtu anakaa na ukurasa wazi tangu magharibi, anainuka kwenda kumtuliza mtoto, anarudi hakuna kitu. Kungoja huko hakuna anayekuhesabu. Mitihani ya kujiunga, inayochukua siku nzima kusomea, nayo hailipwi.

Tangu Septemba 2022, kampuni ya OpenAI ilipotoa Whisper, programu ya kunukuu sauti, mambo yamegeuka. Mashine sasa inaandika rasimu na sisi tunapewa tuisahihishe, na kwa kuwa inaitwa kusahihisha, malipo yameshuka. Mheshimiwa, mashine inaandika kwa kujiamini hata pale isiposikia. Nimekutana na rasimu ya rekodi ambamo wasemaji walinyamaza kidogo, na mashine ikajaza ukimya huo kwa maneno "asanteni kwa kutazama". Ili nimkamate mwongo wa aina hiyo lazima nisikilize rekodi yote, sekunde kwa sekunde, kama nilivyosikiliza zamani. Sikio linafanya kazi ile ile. Kilichopungua ni bei.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mwenzangu mmoja, mama wa watoto wawili, aliamka siku moja akakuta ujumbe wa sentensi mbili: akaunti yako imefungwa kwa kukiuka masharti. Masharti yapi, hakuambiwa. Ndani mlikuwa na dola 63 alizokwisha kuzifanyia kazi. Aliandika barua pepe saba, zote zikajibiwa na mashine kwa maneno yale yale. Alikwenda katika ofisi moja ya umma kushtaki. Afisa alimsikiliza kwa heshima, akamwomba barua ya kuajiriwa, jina la mwajiri na anwani yake. Hakuwa na hata kimoja. Fomu haikuwa na mahali pa mtu kama yeye, na afisa hakuwa na fomu nyingine.

Lililompata yeye liliwapata wengi kwa pamoja Machi 2024, jukwaa la Remotasks, lililo mali ya kampuni ya Scale AI ya Marekani, lilipowafungia mlango wafanyakazi wa Kenya. Watu walipata habari kwa barua pepe. Kiwanda cha Athi River kingefungwa namna hiyo, ofisi yako ingetaka notisi, ingetaka orodha ya wafanyakazi na hesabu ya wanachodai.

Nitasema pia jambo ambalo wenzangu hawapendi lisemwe hadharani. Majukwaa kadhaa hayapokei Wakenya kabisa. Kwa hiyo umezuka ukodishaji wa akaunti: mtu ananukuu kwa jina la mtu wa nchi nyingine, na mwenye akaunti anakata nusu ya pesa, wakati mwingine anapotea nazo zote. Ni udanganyifu na siutetei. Lakini anayedhulumiwa humo hawezi kupiga kelele, kwa sababu kelele zake zitamshtaki yeye kwanza. Njia halali ikiwa nyembamba, watu hupenya uani, na huko uani hakuna sheria.

Serikali haikutuacha hivi hivi. Mpango wake wa Ajira Digital umefundisha vijana wengi sana kazi za mtandaoni tangu 2016, na mimi ni mmoja wao. Mwalimu wangu alikuwa mwema na mafunzo yalinisaidia. Sasa kuna vituo vya Jitume, na mpango wa kufikisha vituo vya kidijitali katika wadi zote 1,450. Ni jambo jema. Tatizo ni kwamba mtu huhesabiwa anapotoka mafunzoni, halafu hesabu inakoma. Hakuna anayemrudia mwaka wa pili kumuuliza: umefanya kazi saa ngapi, umelipwa ngapi, akaunti yako bado iko hai?

Wapo wanaosema sisi ni watu huru, tumejiajiri, sheria ya leba haituhusu. Nimeisoma Katiba ya 2010, Kifungu cha 41. Inampa kila mtu haki ya kutendewa haki katika mambo ya kazi. Inasema kila mtu, haikusema kila mwenye barua ya kuajiriwa. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake na amsikilize kabla ya kumwachisha kwa utovu wa nidhamu. Busara iliyomo mle haipotei kwa sababu mwajiri anaitwa jukwaa.

Na milango haijafungwa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kampuni ya Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya katika kesi za vijana waliokuwa wakichuja picha na maneno ya kutisha kwenye Facebook. Kwa hiyo hoja kwamba kampuni iko ng'ambo haitoshi tena kuwa jibu. Juni 2025, mjini Geneva, Mkutano wa Kimataifa wa Kazi uliamua kwamba kazi za majukwaa zitungiwe mkataba wa kimataifa pamoja na mapendekezo yake. Kenya ina kiti katika mkutano huo, na anayekalia kiti hicho anakwenda kwa niaba yangu.

Kwa hayo, Mheshimiwa, naomba mambo manne.

Kwanza, kituo chochote kinachoendeshwa kwa pesa za umma kisitangaze kazi ya jukwaa lolote kabla ya kueleza malipo kwa saa ya kazi, iliyopimwa kwa wanaoifanya. Kijana aambiwe shilingi ngapi kwa saa, kisha achague mwenyewe akijua.

Pili, Shirika la Kitaifa la Takwimu lituhesabu. Katika utafiti wa nguvukazi yaongezwe maswali machache: saa za kulipwa, saa za kungoja, kazi zilizokataliwa. Msichotuhesabia hamtaweza kututetea kwacho.

Tatu, itungwe kanuni kwamba jukwaa linalochukua kazi ya Mkenya halifungi akaunti bila sababu ya maandishi na nafasi ya kukata rufaa kwa binadamu, na kwamba pesa iliyokwisha kufanyiwa kazi inalipwa hata kama akaunti imefungwa. Ikiwa kampuni haina ofisi hapa, iwe na wakala anayeweza kupelekewa barua.

Nne, kila ofisi ya leba ya kaunti iwe na fomu yetu. Ni karatasi moja tu: jina la jukwaa, nambari ya akaunti, tarehe, kiasi kinachodaiwa. Hata kama afisa hawezi kulipata deni lile leo, malalamiko mia moja ya jukwaa moja yakikaa faili moja yatakuwa ushahidi.

Sikuombi utuwekee bei ambayo itawafukuza wateja. Najua wanukuzi wako Manila na Lagos pia, na najua mashine inangoja mlangoni. Lakini nchi inayowaambia vijana wake kwamba mtandao ndio shamba lao jipya, lazima iwe tayari kusimama nao siku ya kupima mavuno.

Mwisho, nina mwaliko. Siku utakayopanga, Mombasa au huko Nairobi, nitakuja na kompyuta yangu na rekodi moja ya dakika kumi, ya mkutano wa watu watano. Nitakukabidhi saa. Uanze kuihesabu nitakapobonyeza kitufe cha kwanza, na usiisimamishe hadi neno la mwisho liwe limeandikwa sawasawa. Nambari utakayoiona ndiyo ninayoomba iandikwe katika sheria.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mnukuzi wa sauti,
Kisauni, Mombasa