Dawa ya magugu kabla ya mavuno: Lori likikwama, nani analipa?

LUZIRA, Kampala

Watu wengi wakisikia jina Luzira hufikiria gereza. Mfanyabiashara wa nafaka hufikiria mambo mengine mawili. La kwanza ni bandari ya Port Bell, ambako safari za meli za mabehewa kwenda Mwanza zilifufuliwa mwaka 2018. La pili ni kiwanda cha bia cha Uganda Breweries, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1946 na ambayo leo iko chini ya East African Breweries ya Nairobi. Shayiri ya wakulima wa Sebei, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na mtama wa kaskazini na mashariki mwa Uganda ni malighafi ya bia nchini humu.

Ndiyo maana mjadala unaowagawa wakulima huko Kanada na Ulaya unatuhusu pia sisi tunaopakia magunia. Swali lenyewe ni rahisi kuuliza: je, mkulima anyunyizie dawa ya kuua magugu kwenye zao lililokaribia kuvunwa, ili likauke haraka na kwa usawa? Jibu lake ndilo gumu, na gharama ya jibu baya haimwangukii mkulima peke yake.

Hoja za wakulima

Dawa inayozungumzwa zaidi ni glaifoseti. Hapa Afrika Mashariki wakulima wengi huitumia kusafisha shamba kabla ya kupanda. Katika nchi zenye msimu mfupi wa kiangazi, kama Kanada na Uingereza, baadhi ya wakulima huinyunyizia pia mwishoni mwa msimu, juu ya ngano, shayiri au dengu zilizokwisha komaa.

Wanaoitetea wana sababu za maana. Shamba haliivi lote siku moja: upande mmja umekauka, upande wa pili bado kijani. Mvua ikinyesha katikati, punje huota zikiwa kwenye suke au huingia ukungu. Magugu mabichi hunasa mashine na kuongeza unyevu kwenye nafaka. Mkulima wa Sebei au Lira hana mashine kubwa, lakini hofu ya mvua ya ghafla wakati mazao yako uwanjani anaijua vizuri. Vibarua nao ni ghali.

Wanaoipinga nao wana hoja nzito. Glaifoseti haibaki juu ya jani; huingia ndani ya mmea na kusafiri hadi sehemu zinazokua, punje zikiwemo. Ndiyo maana maelekezo ya Kanada yanasema unyevu wa punje uwe chini ya asilimia 30 kabla ya kunyunyizia. Mkulima mwenye haraka akitangulia, dawa inabaki kwenye chakula.

Kwa shayiri ya bia kuna tatizo jingine, na hili halina siasa. Ili shayiri iwe kimea, lazima punje iote. Dawa inayoua mmea inaweza kuharibu uwezo huo wa kuota. Wanunuzi wa shayiri ya kimea nchini Kanada kwa kawaida hawapokei shayiri iliyonyunyiziwa glaifoseti kabla ya mavuno. Si kwa sababu sheria imewakataza. Ni kwa sababu haiwafai.

Sheria inaruhusu, mnunuzi anakataa

Hapa ndipo mfanyabiashara anapaswa kusikiliza kwa makini. Kwa sheria, mabaki ya glaifoseti yana viwango vyake. Viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu hadi miligramu 30 kwa kilo moja ya nafaka nyingi, isipokuwa mahindi na mchele. Kwa mahindi ni miligramu 5. Umoja wa Ulaya ni mkali zaidi: ngano ni miligramu 10, shayiri 20.

Kuhusu afya, wataalamu hawasemi kwa sauti moja. Mwezi Machi 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka mmoja baadaye, jopo la pamoja la Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo lilisema haielekei kuleta hatari ya saratani kupitia chakula. La kwanza lilipima kama dawa ina uwezo wa kudhuru. La pili lilipima hatari ya kiasi kinachofika kwenye sahani. Mlaji wa kawaida hana muda wa kutofautisha hayo mawili. Anachosikia ni neno saratani.

Tazama yaliyotokea Italia. Mwaka 2016 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku matumizi ya glaifoseti kabla ya mavuno. Vyama vya wakulima vikaanza kampeni dhidi ya ngano ya tambi kutoka Kanada, viwanda vikubwa vya tambi vikadai ngano yenye mabaki machache kuliko yanayoruhusiwa na sheria, na mwaka 2018 tambi zikaanza kuandikwa nchi ilikotoka ngano. Mauzo ya ngano ya Kanada nchini Italia yakaporomoka. Ngano ile haikuwa imevunja sheria ya Ulaya. Ilikuwa imepoteza imani ya mlaji.

Ujerumani nako, mwaka 2016, taasisi moja ya mazingira ya München ilipima bia 14 na kukuta glaifoseti katika zote. Taasisi ya serikali ya kutathmini hatari ikajibu kwamba mtu angelazimika kunywa takriban lita 1,000 kwa siku ndipo adhurike. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini magazeti yalikuwa yamekwisha kuchapishwa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliiongezea glaifoseti kibali cha miaka 10, ila kwa sharti kwamba isitumiwe kukausha mazao ili kupanga siku ya kuvuna.

Sisi tumekwisha kuonja

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya wazungu na mashine zao. Lakini wafanyabiashara wa Busia na Malaba wanakumbuka Machi 5, 2021. Siku hiyo mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua ya kusimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakasimama. Siku tano baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: waingizaji wasajiliwe, kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni, na mahali mahindi yalikotoka pajulikane. Mwaka 2023 hali kama hiyo ilijitokeza upande wa Elegu na Nimule, Sudan Kusini ilipozuia malori ya nafaka kutoka Uganda kwa sababu hiyo hiyo.

Sumukuvu si dawa ya magugu. Ni sumu ya ukungu, na hatari yake kwa ini haina ubishi. Lakini kwa mwenye lori funzo ni moja. Kiwango cha sumukuvu kilikuwepo kwenye kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki muda mrefu kabla ya 2021. Kilichobadilika siku ile ni kwamba mtu aliamua kukiuliza mpakani, na wengi hawakuwa na karatasi ya kujibu. Mkulima alikuwa amekwisha kulipwa na mlaji alinunua unga mwingine. Hasara ikabaki kwa aliyekuwa katikati na mzigo wake juani.

Kesho swali linaweza kuwa la mabaki ya dawa. Na mambo haya mawili yanavutana: mkulima anayeogopa ukungu ndiye atakayeshawishika kunyunyizia dawa ili akaushe upesi. Akikosea siku, atakuwa amekimbia tatizo moja na kuangukia jingine. Tena dawa haimalizi kazi ya kukausha. Mahindi bado yanahitaji kushuka hadi asilimia 13.5 ya unyevu kabla ya kuingia ghalani, na hilo linafanywa na turubai, jua au mashine ya kukaushia.

La kufanya

Kwanza, mnunuzi aulize. Anapofika shambani au kwenye chama cha ushirika, pamoja na bei na unyevu, aulize dawa gani ilitumika na tarehe ya mwisho ya kunyunyizia. Jibu aliandike kwenye daftari lenye jina la kijiji na idadi ya magunia.

Pili, asichanganye. Magunia ya vijiji kumi yakishamwagwa pamoja, moja lililoharibika linaharibu shehena nzima, na hakuna anayeweza kujua lilitoka wapi.

Tatu, bei nzuri ilipe kazi nzuri. Mkulima anayesubiri siku kumi zaidi na kukausha kwenye turubai anabeba gharama. Akilipwa sawa na aliyeanika kwenye vumbi au aliyenyunyizia kwa haraka, msimu ujao hatasubiri.

Nne, serikali zetu zikubaliane mapema. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 kuhusu viwango inataka bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi moja mwanachama itambuliwe na nyingine. Mwaka 2017 Jumuiya ilipata pia sheria ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha. Kama mabaki ya dawa yatapimwa, yapimwe kwa kipimo kimoja Kampala, Nairobi na Juba, na wafanyabiashara watangaziwe kabla ya mavuno. Barua ya ghafla inayomkuta dereva tayari yuko kwenye foleni haimlindi mlaji. Inamfundisha mfanyabiashara kutafuta njia ya panya, na huko hakuna anayepima chochote.

Mlaji wa Juba, Nairobi au Mwanza hatakwenda Kapchorwa kukagua shamba. Anamtegemea aliyenunua, aliyepakia na aliyevusha. Akiuliza gunia limetoka wapi na limepita katika dawa gani, mwenye lori awe na daftari la kumfungulia.