Ndege ya saa ngapi?

Jirani yangu wa Mbagala alipata habari kwamba binti yake anaumwa Mwanza. Ndugu zake wakachanga fedha, wakamkatia tiketi ya ndege. Mama huyo alijifunza kusoma ukubwani. Akaisoma tiketi yake mwenyewe: 07:00. Akafika uwanjani saa 5 asubuhi, ametulia, kwa ndege ya saa 7 mchana. Ndege ilikwisha ondoka saa 1 asubuhi.

Je, alisoma vibaya? Hapana. Tarakimu alizisoma sawasawa. Lakini saa za tiketi huhesabiwa tangu usiku wa manane, na sisi huhesabu tangu asubuhi. Tofauti ni saa 6. Kwa hiyo, kutoka 07:00 hadi 18:00, toa 6. Ukiona 13:00, ni saa 7 mchana. Kuanzia 19:00 hadi 23:00, toa 18. Ukiona 21:00, ni saa 3 usiku. Namba ndogo kuliko 07:00 uiongeze 6. Basi 05:00 ni saa 11 alfajiri.

Sasa tutazame safari yenyewe. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza, ndege hupita karibu kilometa 850, kwa sababu angani hakuna kona. Barabara hupita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, nayo ni zaidi ya kilometa 1,100. Basi haliruhusiwi kuzidi mwendo wa kilometa 80 kwa saa. Gawanya 1,100 kwa 80. Utapata karibu saa 14, tena bila kusimama hata kwa chakula! Ndege hutumia muda wa saa 1 na nusu hivi.

Lakini usihesabu muda wa angani tu. Fika uwanjani muda wa saa 2 kabla ya ndege kuondoka, maana mizigo hupimwa na abiria hukaguliwa. Kwa ndege ya 07:00, mtu wa Mbagala atoke nyumbani saa 10 alfajiri. Atafika mjini Mwanza kwenye saa 3 na nusu. Safari nzima ni saa 5 na nusu.

Wewe wa Kinondoni, mvua ikinyesha sana usitegemee njia ya Jangwani. Mto Msimbazi hufurika na barabara hufungwa. Pita Ubungo, ushike barabara ya Mandela mpaka Tazara, kwenye daraja la Mfugale lililofunguliwa mwaka 2018. Hapo unaingia barabara ya Nyerere iendayo uwanjani.

Na kama mwanao anakwenda Dubai au Muscat, karibu kilometa 4,000, angalia tarehe pia. Tiketi ikisema tarehe 10, 00:30, hiyo ni saa 6 na nusu usiku. Lazima awe uwanjani jioni ya tarehe 9. Akingoja usiku wa tarehe 10, amechelewa siku nzima. Akifika huko asogeze saa yake mbele kwa saa 1.

Jirani yangu alikwenda Mbezi Luis, akapanda basi. Alimkuta binti yake bado yuko wodini, ameanza kunywa uji. Tiketi ya kurudi ilikuwa imeandikwa 16:00. Akapiga simu kuniuliza. Nikamwambia atoe 6 mwenyewe.

"Saa 10 jioni," akasema.