Bustani ya Mama: Fungu la Ndege Katika Mti Wako



Dada mmoja ametuandikia akieleza kwamba uani kwao upo mkungu mkubwa uliopandwa na marehemu nyanya yake. Kila usiku popo huja kula kungu, na kunapokucha baraza huwa imetapakaa makapi na uchafu wao. Mumewe amechoka na ameazimia kuukata. Dada huyo auliza: je, ipo kheri yoyote katika kuubakisha mti ambao matunda yake hayafiki mezani, bali huishia matumboni mwa popo na ndege?

Swali hili si la nyumba moja. Viwanja vyetu vinagawanywa baina ya warithi, nyumba zinaongezwa vyumba, na mti wa zamani ndio huwa wa kwanza kuhukumiwa. Kwa hiyo tumeona tulijibu kwa mapana.

Tuanze na lililo kubwa. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliingia katika shamba la mitende la Bi Ummu Mubashir, mwanamke wa Kiansari, akamuuliza ni nani aliyeipanda mitende ile, Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu. Alipojibiwa kuwa ni Mwislamu, alibainisha kwamba hakuna Mwislamu apandaye mti au mmea, kisha akala humo mtu, mnyama au kiumbe chochote, ila huandikiwa sadaka. Katika mapokezi mengine ya Jabir imetajwa hata ile sehemu iliyoibwa, na ile iliyoliwa na ndege.

Tutazame mambo mawili hapa. La kwanza, mafunzo haya yalitolewa shambani mwa mwanamke. Bustani si jambo la wanaume pekee. La pili, mwenye mti hakutakiwa kwanza awafukuze ndege ndipo apate thawabu. Kile tunachokihesabu kuwa hasara, yaani embe lililodonolewa na pera lililochukuliwa na tumbili, chaandikwa upande wa faida. Na iwapo mpandaji amekwisha kufariki, kama nyanya ya dada yetu, basi huenda kila kungu iliwayo usiku ni hesabu inayoendelea kumfikia kaburini. Mwenye kushika shoka na alifikirie hilo kwanza.

Sasa tumtazame huyu popo anayelaumiwa. Mwenyezi Mungu hakuumba kitu bure. Ua la mbuyu hufunguka jioni na kunyauka baada ya usiku mmoja tu, na hapa kwetu popo walao matunda ni miongoni mwa wachavushaji wake wakuu: hulifuata kwa ajili ya utamu wake, na wanapohama kutoka ua hadi ua hubeba chavua manyoyani mwao. Ua lisilochavushwa halizai. Ni akina mama wangapi Mombasa na Kilifi wanaolisha watoto wao kwa kupika mabuyu ya sukari na rangi na kuyauza kwa pakiti? Riziki hiyo ina mkono wa popo ndani yake. Kadhalika popo hulichukua tunda, hulila akiwa juu ya mti mwingine, kisha huiangusha kokwa mbali na mama yake, nayo ikaota. Mikungu na mikanju mingi ambayo hakuna akumbukaye aliyeipanda, mpandaji wake ni yeye.

Kwa anayetaka kupanda kwa nia ya kula yeye na kuwalisha viumbe wengine, miti inayostahiki pwani yetu ni mingi. Tutaitaja michache.

Mkunazi hustahimili ukame na udongo duni, huzaa kunazi nyingi ndogo zipendwazo na watoto na ndege, na maua yake huvuta nyuki. Majani yake twayahitaji katika kuwaosha maiti wetu, nao umetajwa katika Qur'ani. Una miiba, basi upandwe mpakani, si njiani.

Mzambarau hutoa kivuli kizito, na msimu wake ukifika hakuna ndege apitaye bila kutua. Zambarau zake huacha madoa, hivyo usiupande karibu na kamba ya kuanikia nguo.

Mkanju, au mkorosho, uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16. Huu ni mti wa mapatano: popo na tumbili hupenda bibo lenye maji, nasi twahitaji korosho iliyoning'inia chini yake, ambayo mara nyingi huachwa chini ya mti.

Mkuyu huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, hata wakati miti mingine imekauka, ndiyo maana ninga, shore na hondohondo huutegemea. Lakini mizizi yake ina nguvu mno. Uwe mbali na nyumba, kisima na shimo la choo.

Mkwaju na mwembe hazihitaji sifa zetu. Wenye ua mdogo wapande mpera au mstafeli. Na aliye Mji wa Kale asiye na ua kabisa, komamanga huzaa hata ndani ya pipa lililokatwa, mradi lipate jua la kutosha na lina matundu ya kutolea maji.

Chimba shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili kwa upana, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, na upande mwanzoni mwa masika ili mche upate miezi ya mvua kabla ya kiangazi. Mwembe wa kienyeji na mkungu viachiwe nafasi ya hatua kumi au zaidi kila upande.

Wenzetu waishio kandokando ya misitu ya Kwale, Kilifi na Lamu wana neema na mtihani zaidi. Huko matunda yaliyoanguka huwaita paa nyakati za alfajiri na magharibi. Miongoni mwao yumo paa nunga, mnyama mdogo ambaye duniani kote hupatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani yetu, ikiwemo Arabuko-Sokoke na ile ya Boni na Dodori. Yeye hupita chini ya miti akiokota matunda, maua na majani yaangushwayo na kima na ndege. Katika nchi kama Marekani watu hupanda miti ya matunda na ya njugu makusudi ili wamvute kulungu wapate kumwinda kwa leseni. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku tangu mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali. Basi tusiwaache vijana wetu watege mitego ya waya chini ya miti tuliyoipanda kwa nia ya sadaka. Mgeni aliyekaribishwa hali yake ni ya amani.

Ama wale walio jirani na Shimba Hills, wasipande miembe karibu na nyumba mahali ambapo ndovu hupita. Kupenda viumbe hakumaanishi kuwahatarisha watoto.

Yapo pia mambo ya kuchunga. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 wasaidie kusafisha taka, wakaenea hadi kwetu, na sasa hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Kinachowaleta zaidi si matunda bali taka zilizo wazi. Pipa likifunikwa na mabaki ya samaki yakifukiwa, shore na chozi watapata nafasi.

Tunda lililoumwa na popo au tumbili lisiliwe na mtu, litupwe shimoni. Mazima yaoshwe vizuri kabla ya kuliwa. Watoto wafundishwe wasimshike popo aliyeanguka, na mtu akiumwa na popo au tumbili, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa. Ukiwawekea ndege bakuli la maji, umefanya jema, lakini yabadilishe kila siku yasije yakawa makao ya mbu.

Wala kushiriki si kuachia vyote. Chuma maembe yakishakomaa kabla hayajaiva, uyavundike ndani. Matawi ya chini yawe yenu, ya juu yawe yao. Kishada unachokitaka kifunge kwa mfuko wa kitambaa. Sumu usiitie kabisa: itaanza na ndege, itafika kwa paka, na haiko mbali na mkono wa mtoto.

Sasa turudi kwa dada yetu. Ushauri wetu ni kwamba mumeo ana haki ya baraza safi, na mti una haki ya kuishi. Mambo haya hayagongani. Mwiteni mkata miti ayapunguze matawi yaliyoinamia baraza na paa, ili popo walie upande wa pili wa ua. Funikeni tangi la maji. Makapi ya asubuhi yafagiliwe hadi kwenye shina yawe mbolea. Na zile kokwa zilizokauka wapeni watoto wazivunje kwa jiwe: ndani mna kiini kitamu ambacho nyanya yenu bila shaka alikijua. Kisha mketi mzungumze na mumeo kwa upole, naye akumbushwe ni nani aliyeupanda. Kukata ni kazi ya asubuhi moja. Kivuli kama kile hakirudi ila baada ya miaka mingi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotupandia, na atujaalie nasi tuache kitu cha kuliwa baada yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.