Kitabu cha Picha za Noeli, na Wanaokililia

Kila mwaka, korosho zinapookotwa na wingu la mvua za kwanza linapoonekana juu ya bahari, husikika miongoni mwetu tuliosoma maneno ya namna moja. Mtu husema, "Watoto wa siku hizi hawaijui Noeli. Sisi tulikuwa na kitabu." Mwenziwe hujibu, "Naam, kile kitabu!" Kisha wote wawili hutikisa vichwa kama watu waliofiwa. Nao wakiulizwa dawa ya msiba huo, husema: watoto na waonyeshwe picha tena, safari hii za simu, wachague wanachokipenda, wazazi wakanunue. Twaandika maneno haya kulipinga shauri hilo. Twawaomba radhi mapema wale watakaojiona ndani yake, maana sisi wenyewe tumo, kama msomaji atakavyoona.

Yatupasa kwanza kukieleza kitabu chenyewe kwa wasiokijua. Huko Ulaya na Marekani palikuwa na maduka makubwa yaliyouza bidhaa kwa njia ya posta. Mwenye duka alipiga chapa kitabu kinene chenye picha ya kila kitu alichokuwa nacho, na bei chini yake, akakipeleka majumbani mwa watu. Watu walichagua, wakaandika barua, wakatuma fedha, wakaletewa mzigo. Kitabu cha namna hiyo huitwa katalogi. Duka la Sears la Marekani lilitoa katalogi yake ya kwanza ya Noeli mwaka 1933; ndani yake mlikuwamo wanasesere, treni za umeme za kuchezea, saa za Mickey Mouse, hata ndege hai waimbao.

Huku kwetu, katika pwani hii ya Mtwara iendayo mpaka mlango wa Ruvuma, hakuna mwenye duka aliyetupelekea kitabu. Chetu kilikuja chini ya robota la nguo kuukuu zilizotoka Ujerumani kwa marafiki wa misheni, kama karatasi ya kuzuia unyevu. Jalada lilikuwa limeng'oka, hata leo hatujui kilikuwa cha duka gani. Katekista alikitwaa, akakiweka juu ya kabati la sahani, wala hakikushushwa ila Majilio yalipoanza. Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, mkewe alituita barazani, akatuamuru kunawa mikono kwa sabuni mara mbili, maana maji ya mabibo huacha doa lisilotoka. Ndipo kitabu kikawekwa mkekani. Watoto wa jirani zetu Waislamu nao walikuja, nasi siku ya Idi tulikula kwao.

Mchezo wetu uliitwa Changu. Ukurasa ukifunuliwa, wa kwanza kuweka kiganja juu ya picha na kusema "Changu!" ndiye mwenye mali hiyo mpaka mwakani. Mmoja alimiliki treni, mwingine mashua, mwingine nyumba ya mwanasesere yenye ngazi na taa. Kijana mmoja mwenye mkono mwepesi alimiliki karibu nusu ya Ujerumani. Palikuwa na ugomvi, palikuwa na machozi, hata biashara haikukosekana: tuliuziana picha kwa korosho za kukaanga. Wasichana walishindwa mara nyingi. Si kwamba hawakuwa wepesi. Aghalabu walikuwa wamebeba wadogo wao, na mkono mmoja tu ulikuwa huru.

Chini ya kila picha palikuwa na hesabu ya maki, fedha ya Wajerumani kabla ya yuro kushika mahali pake mwaka 2002. Hatukujua maki moja ni shilingi ngapi, wala hatukuuliza. Wasomaji wetu, hapo ndipo penye shina la maneno yetu. Kitabu kile kilitufaa kwa sababu hapakuwa na mtu yeyote aliyeweza kununua kitu kilichomo: si baba wa mtoto yeyote, si katekista, wala padre. Kwa kuwa hakikununulika, hakikumwaibisha mzazi. Nasi tulifanya nini na mali zetu? Tulizitengeneza.

Aliyemiliki lori alikwenda kutafuta waya, akakunja kiunzi, akakata magurudumu katika kandambili zilizokatika, akafunga usukani kwenye ufito mrefu apate kuliendesha akiwa amesimama wima. Akirudi barazani hakutazama tena kama mtu atamaniye. Alitazama kama fundi. Aliuliza: magurudumu ya nyuma ni mawili au manne? Mlango wafunguka upande gani? Aliyemiliki mashua alitafuta karara la mnazi, ambalo Mungu amekwisha kulipa umbo la mtumbwi, akalitia mlingoti na tanga la mfuko, akaenda nalo kwenye vijito vya mikokoni wakati maji yanapojaa. Makarara yetu yote yalipinduka kwa upepo mdogo. Basi katika picha mashua ya Wajerumani ilikuwa na kitu kama pezi refu chini ya tumbo lake, nasi tulidhani ni pambo. Mwenzetu mmoja akafunga kipande cha chuma chini ya karara lake, likasimama, likaenda mpaka likatupotea machoni. Siku ile tulirudi kwenye kitabu kwa heshima nyingine kabisa. Tulikuwa tumefundishwa uzito na mizani ya chombo majini miaka kadhaa kabla ya mwalimu kutuandikia neno hilo ubaoni.

Hatusemi kwamba umaskini ni kitu kizuri. Waya ulitukata vidole, na mmoja wetu angali na kovu. Wala hatusemi kwamba wasichana walipata haki yao: wavulana walipokwenda mikokoni, wao walikwenda kisimani, na wanasesere wao walikuwa magunzi ya mahindi yaliyofungwa vitambaa, yakishonwa usiku kazi zikiisha. Twasema tu kwamba kilichotufaa ni mikono yetu, na kitabu kilikuwa kiolezo chake.

Sasa tuwajibu wanaolia. Husema kwamba kitabu kilitufundisha subira. Hasha! Aliyekipiga chapa hakutaka mtu yeyote asubiri. Alitaka fedha zake zije upesi kabla ya sikukuu. Kampuni ya Otto ya Hamburg ilitoa katalogi yake ya kwanza mwaka 1950: nakala 300 zilizofungwa kwa mikono, kurasa 14, na ndani yake jozi 28 za viatu. Ikakua ikawa kitabu kizito kama matofali, na mwaka 2018 ikatoa katalogi yake kubwa ya mwisho. Argos ya Uingereza iliacha yake mwaka 2020. Hao wawili waliacha kwa kuwa wanunuzi wamehamia kwenye simu na kompyuta. Sears walikuwa wametangulia mwaka 1993, kwa kuwa katalogi yao kubwa ilikuwa yaleta hasara. Wenye vitabu wenyewe wamevitupa pasipo kilio, kwani kwao kitabu kilikuwa wavu, na wamepata wavu bora. Yatustahilije sisi, ambao hatukununua hata kifungo, kuulilia wavu wa mtu mwingine?

Wengine hujibu, "Basi kama simu imeshika mahali pa kitabu, tofauti iko wapi? Mtoto atazame simu." Tofauti iko hapa: picha ya simu ina bei kwa shilingi, ina namba ya kulipia, na mzigo waja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Mtoto akisema "Changu!" juu ya picha hiyo, hasemi na watoto wenzake tena, asema na baba yake.

Na baba yake mwezi huo ana nini? Kila msomaji wa pande hizi ajua. Tangu msimu wa mwaka 2007 sheria ya hapa Mtwara ni kwamba korosho zipelekwe chama cha msingi, zikae ghalani, zingoje mnada, ndipo fedha zije. Utaratibu huo hatuulaumu, maana umewaokoa wengi na walanguzi. Lakini fedha hazina kalenda ya Kanisa. Mwaka 2018 bei za wanunuzi zilikataliwa, Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi hawakuiona fedha hiyo mpaka mwaka 2019, Noeli ikiwa imepita zamani. Mtu atakaye fedha kabla ya siku yake ana mlango mmoja tu, nao ni kangomba. Humwendea mnunuzi wa kificho, akampimia korosho kwa bei ya kutupa, usiku, na asubuhi huona haya kupita mbele ya ghala.

Twamjua baba mmoja wa parokia yetu, wala hatutamtaja, aliyefanya hivyo kwa ajili ya gari dogo la betri lililoonekana katika simu. Gari lilikuja. Lilikwenda siku tatu, likasimama. Siku ya Epifania tulilikuta nyuma ya jiko, kuku akitagia ndani yake. Shule ilipofunguliwa mwezi wa Januari, mtoto yule alikuja hana daftari hata moja, akaandika nyuma ya karatasi za mtihani wa mwaka uliopita.

Na nani aliyemtuma mtoto yule kwa baba yake? Hapa tulisema kwamba sisi tumo. Mwishoni mwa muhula tulikuwa tumewaambia watoto darasani, "Mchoreni kitu mnachotaka kupewa Noeli." Tuliona ni zoezi jema la kuchora. Tena tuliwakumbusha, kwa furaha nyingi, juu ya kitabu chetu cha zamani. Mtoto yule alichora gari, akalichora vizuri, tukampa alama tisa katika kumi, akaipeleka karatasi nyumbani. Baba hawezi kusoma sana, lakini alama ya mwalimu aijua. Aliyapokea yale kama agizo la shule. Alipotueleza hayo mwezi wa Februari hatukuwa na neno la kumjibu. Kitabu kile kilikuwa kimetufundisha kutengeneza, nasi tulipopata darasa letu tulifundisha kuagiza.

Wako wenzetu wengine wasemao kwamba dawa ni kuwanyima watoto vitu vya kuchezea kabisa, kwa kuwa Noeli ni ibada. Hao nao hatukubaliani nao. Mamajusi hawakuja mikono mitupu, na mtoto asiyecheza hata kuomba huomba kwa huzuni.

Liko jambo jingine litukeralo. Twakaa chini ya uwanda wa Wamakonde, ambao vinyago vyao vya mpingo huuzwa Mwenge huko Dar es Salaam na kuvushwa bahari. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Newala kuchunguza maisha ya watu wa kusini, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1908. Hakudharau kuandika hata juu ya mtoto achezaye pia. Mtu alitoka Ulaya kuja kuitazama pia ya mtoto wa kwetu. Mtoto wa kwetu leo aitazama simu apate kuona pia ya plastiki, na dada yake amtazama mwanasesere mwenye nywele za manjano, sawa na wale waliokuwa katika kitabu chetu, maana humo hapakuwa na hata mmoja mweusi. Fundi awezaye kuchonga mzee mwenye kila kunyanzi la uso hashindwi kumchongea mtoto mwanasesere kwa mti mwepesi usio na bei ya mpingo. Hajaombwa, basi. Sisi tumemwomba msalaba wa kanisani na kiti cha padre, na zaidi ya hapo hatukuomba.

Basi twasema hivi kwa walimu na makatekista wenzetu. Msiwaambie watoto wachore kitu cha kununuliwa. Waambieni wachore kitu watakachotengeneza, kisha wakitengeneze, na alama iwe ya kile kilichosimama mkononi. Vitu hivyo viwekwe mbele ya pango mkesha wa Noeli, vya Wakristo na vya jirani zao, navyo vilivyonunuliwa visikatazwe, lakini visitangazwe. Jumamosi za Majilio wavulana waende kisimani, wasichana wapewe waya na kisu. Tunajua watakaonung'unika, wala si watoto.

Kitabu chetu kimebaki kurasa chache. Ukurasa wa mashua upo. Ule wa treni uliwashia moto mwaka ambao hakuna aukumbukaye. Tumekiomba kwa mjane wa katekista, naye amekubali kukitoa, kwa sharti lake lilelile la sabuni. Kitakuwa shuleni Jumamosi iliyo kabla ya Majilio, tangu saa tatu asubuhi. Aliye na waya wa uzio asiouhitaji na atuletee, na mwenye koleo atuazime, maana letu limekwisha meno.